Mezani kwa Mtafiti: Majibu yangu yanakwenda wapi?

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: watu wa vyuo vikuu wanaokuja kuuliza habari za mapenzi, ndoa, magonjwa ya zinaa na yale yanayotokea mlango wa chumba ukishafungwa. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilianza kama mhojaji wa kawaida, nikipita nyumba kwa nyumba na madodoso mkobani, na sasa nafundisha vijana wanaokwenda kuhoji. Majina ya walioandika nimeyaficha yote.

*Shikamoo mama. Walikuja wasichana wawili wenye vitambulisho vya chuo kikuu, wakasema wanatafiti afya ya wanawake. Wakanichagua mimi, wakamwacha wifi yangu ninayeishi naye. Tulipofika katikati wakaanza kuniuliza kama mume wangu amewahi kunipiga au kunilazimisha kitandani. Nilijibu kweli. Sasa mume anataka kujua tuliongea nini saa nzima, na mimi usingizi umenipotea. Majibu yangu yatamfikia? Na mbona hawakusema tangu mlangoni?*
*Mke mwenye wasiwasi*

Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo. Mwambie mliongea habari za afya ya wanawake. Ni kweli tupu, kwa sababu bila shaka walikuuliza pia kuhusu mimba ulizobeba, maumivu ya kichwa, usingizi, hedhi na dawa unazotumia. Hayo yanatosha kujaza saa nzima, na unaweza kuyasimulia bila kusema uongo. Yaliyobaki ni yako. Huna deni la kumsimulia mtu yeyote.

Kutosema mlangoni kulikuwa kwa makusudi, na makusudi yenyewe ni kukulinda. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa wanaotafiti ukatili dhidi ya wanawake, na kanuni inayotangulia zote ni usalama wa anayehojiwa na wa anayehoji. Takwimu zinakuja nyuma ya usalama huo. Ndiyo maana kwa kaya na kwa majirani utafiti hutambulishwa kama wa afya ya wanawake. Wewe peke yako, mkishakaa faragha, ndiye unayepaswa kuelezwa kwamba yapo maswali ya ukatili na kwamba una hiari ya kuyaruka. Kama hata mlipobaki wenyewe hukuelezwa, hapo walikosa, na una haki ya kulalamika.

Wifi yako aliachwa kwa sababu hiyohiyo. Katika nyumba moja huhojiwa mwanamke mmoja tu, naye hupatikana kwa kura. Mngehojiwa wote wawili, wifi angejua umeulizwa nini, na kaka yake angejua jioni ileile. Utafiti mkubwa wa shirika hilo uliotoka mwaka 2005, uliohoji wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi 10, Tanzania ikiwamo, ulikwenda kwa utaratibu huo. Hata watoto walizuiwa kukaa karibu, isipokuwa wachanga wasiofika miaka miwili, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu anaweza kurudia neno alilolisikia.

Namkumbuka mama mkwe mmoja aliyeingia akakaa bila kukaribishwa, palepale tulipofika kwenye swali la kulazimishwa. Nilifunua kurasa za mbele, nikaendelea kwa sauti ileile na maswali ya hedhi na maumivu ya kiuno, hadi akachoka akatoka. Kurasa zile zilikuwa zimeandaliwa kwa kazi hiyo tu. Mwanafunzi wangu asiyekuwa nazo simruhusu aende kuhoji.

Sasa safari ya majibu yako. Dodoso hubeba namba, jina halimo. Orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani huwekwa mbali na madodoso, chini ya ufunguo au nenosiri, na wanaoiona ni wachache walioandikwa kwenye andiko la utafiti. Wanaofanya hesabu huona kwamba mshiriki fulani ana miaka 31, ana watoto wawili na amejibu ndiyo kwa swali la 704. Ripoti ikitoka, wewe ni sehemu ya asilimia. Wahojaji nao huapa kutunza siri, na watafiti makini hawamtumi mtu kuhoji mtaa anaofahamika, kwa sababu huwezi kumwambia mtoto wa jirani mambo hayo hata angekuwa na kitambulisho cha chuo gani.

Mpaka upo. Ikijulikana kwamba mtoto anaumizwa, au kwamba uhai wa mtu uko hatarini, mtafiti anaweza kulazimika kutoa taarifa, kwa kufuata sheria za mahali. Hilo hutajwa kwenye maelezo ya ridhaa kabla ya swali la kwanza. Na kama fomu waliyokuachia inataja ukatili waziwazi, usiiweke ndani. Wahojaji waliofunzwa vizuri hawaachi karatasi ya namna hiyo kwa mwanamke anayeishi na mtu anayempiga. Wangekupa kikadi kidogo chenye huduma za aina nyingi, za chanjo na za uzazi wa mpango pamoja na za ushauri, kiasi kwamba mtu akikiona hashtuki.

Kama kuuliza kwa mumeo kumegeuka vitisho, usisubiri barua nyingine kutoka kwangu. Piga namba iliyo kwenye kikadi kwa simu ambayo yeye haishiki, au mwone muuguzi kliniki siku unayokwenda kwa shughuli nyingine. Umesema kweli kwenye jambo ambalo wanawake wengi wanakufa nalo kifuani. Nakushukuru kwa moyo wangu wote.

*Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nasoma kwenye tafiti zenu kwamba wanaume kwa wastani wamekuwa na wapenzi wengi wa kike kuliko wanawake walivyokuwa na wa kiume. Hilo haliwezekani, maana kila uhusiano wa namna hiyo una mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kama watu wanawadanganya, kwa nini tuwaamini ninyi?*
*Mwalimu*

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi. Katika jamii yenye wanaume na wanawake sawa kwa idadi, wastani hizo mbili lazima zikaribiane. Uingereza, utafiti wa kitaifa wa 2010 hadi 2012 ulipata wastani wa wapenzi 14 kwa wanaume na 7 kwa wanawake katika maisha yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walikaa na tofauti hiyo wakaichambua. Waliona kwamba wanaume wachache waliotaja idadi kubwa mno waliuvuta wastani juu. Waliona pia kwamba wanaume walielekea kukadiria pale ambapo wanawake walihesabu mmoja mmoja, na kwamba mitazamo ya watu kuhusu lipi ni aibu ilichangia sehemu yake. Walipoyazingatia hayo yote, pengo la 7 lilishuka hadi chini ya 3. Kuna na sababu nyingine: wanawake wanaofanya biashara ya ngono ni vigumu kuwapata kwa sampuli ya kaya, yaani nyumba chache zinazochaguliwa kuwakilisha nyingine, na wanaume waliokwenda kwao wamo kwenye sampuli.

Aibu ina uzito wake, na ulishawahi kupimwa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya wanafunzi wa chuo huko Marekani waliojaza dodoso moja katika hali tofauti. Baadhi walidhani majibu yao yangeweza kuonekana na mtu. Wengine walifungwa nyaya za mashine waliyoambiwa inagundua uongo, ingawa haikuwa ikifanya kazi. Wastani wa wanawake ulipanda kutoka wapenzi 2.6 hadi 4.4, na wa wanaume haukusogea sana. Mimi simwiti mwongo mtu anayepunguza idadi mbele ya mgeni aliyeshika kalamu. Ameishi miaka yote akijua msichana mwenye historia anavyosemwa, na anajikinga.

Kwa hiyo kazi yetu ni kumwondolea sababu ya kujikinga. Katika ule utafiti wa Shirika la Afya Duniani, mwishoni mwa mahojiano mwanamke alipewa kadi yenye picha mbili, uso unaolia na uso unaotabasamu. Aliweka alama kwenye mmoja kuonyesha kama aliguswa kingono kabla ya miaka 15, akaifunga kwenye bahasha bila mhojaji kuona. Sehemu nyingi, waliokubali kwa kadi walikuwa wengi kuliko waliokubali kwa mdomo dakika chache kabla, wanawake walewale. Siku hizi hutumika pia kishikwambi na spika za masikioni: mshiriki husikia swali peke yake na kubonyeza jibu peke yake.

Namna ya kuuliza nayo hubadilisha kila kitu. Mwulize mwanamke kama ametendewa ukatili, atasema hapana. Mwulize kama amewahi kupigwa kofi, kusukumwa, kuvutwa nywele, kutishiwa kwa kisu, atakuhesabia.

Na pale mdomo usipotosha, hutazamwa mwili. Kati ya 2009 na 2012 wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe walishiriki jaribio la vidonge na jeli za kukinga VVU. Kwa maneno yao, walitumia dawa karibu siku 9 kati ya 10. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana katika sampuli zisizozidi 3 kati ya 10. Jaribio likaonyesha hakuna kinga. Watu wengi walikunja uso wakisema wanawake wamepoteza fedha za utafiti. Lililonigusa mimi ni lililofuata: baadhi yao walirudiwa, wakaonyeshwa majibu ya damu zao kwa upole, na hapo wakasema. Waliogopa madhara ya dawa. Waliogopa kuonekana na vidonge ambavyo watu wanajua ni vya wenye virusi. Waliogopa wenzi wao. Msichana anayeficha kopo la vidonge kila siku ana kazi ngumu, na hakuna aliyekuwa ameiweka kwenye hesabu.

Tazama sasa mwaka 2024. Jaribio la lenacapavir, sindano ya kukinga VVU inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, lilifanyika Afrika Kusini na Uganda. Kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Dawa yenyewe ina nguvu, ndiyo. Lakini pia haina kopo la kuficha, na siku za kusahau hazipo. Nilisoma matokeo yale machozi yakinitoka.

Kwa hiyo, mwalimu, usituamini kwa jina la chuo. Utafiti ukikujia, uliza: waliuliza faragha au mbele za watu? Kwa mdomo au kwa kifaa? Kulikuwa na kipimo cha maabara pembeni? Mwanza, kuanzia mwaka 1999, elimu ya afya ya uzazi kwa vijana iliyofundishwa shuleni na kwenye vituo vya afya iliongeza maarifa kwa kiasi kikubwa, na majibu ya madodoso yalipendeza. Vipimo vya damu havikuonyesha kupungua kwa VVU wala kwa malengelenge ya sehemu za siri. Waliokuwa na ujasiri wa kuchapisha hayo ndio ninaowaamini.

*Kila nikisikia utafiti wa jinsia naona wanawake tu. Sisi wanaume hatuna miili?*
*Baba wa watatu*

Mnayo, kaka, na imetafitiwa. Majaribio matatu makubwa ya tohara, ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda), yalikuwa ya wanaume, na kati ya 2005 na 2007 yalionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Ukumbuke pia kwamba kwa miaka mingi wanawake ndio waliofungiwa nje. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa, na zuio hilo lilidumu hadi 1993. Dawa zilipimwa kwa miili ya wanaume, kisha wakapewa wote.

Lakini sehemu ya lalamiko lako naichukua kwa mikono miwili. Mwanamume anapohojiwa huwa anatafutwa kama chanzo cha tatizo: ana wapenzi wangapi, amempiga nani. Kuulizwa yaliyompata yeye utotoni, hofu yake kitandani, ugonjwa anaouficha kwa mkewe, hilo ni nadra. Nimehoji wanaume waliofanyiwa unyama wakiwa wavulana na hawakuwahi kusema hadi siku ile. Mmoja aliniomba nirudie swali ili apate muda wa kupumua.

Tena wanaume wakishirikishwa vizuri mambo hubadilika. Katika vijiji vya Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, vijana wa kiume na wa kike walikaa wiki kadhaa kwenye makundi wakijadili mapenzi, pombe, mimba na ugomvi. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha maambukizi mapya ya malengelenge ya sehemu za siri yamepungua kwa theluthi moja, na wanaume waliopita kwenye mafunzo wakaripoti kuwapiga wenzi wao kwa kiasi kidogo zaidi miaka miwili baadaye. VVU haikupungua kwa kiwango cha kuhesabika. Nataka wenye fedha za utafiti wasome yote mawili.

*Daktari anayenitibu ndiye anayeniomba niingie kwenye utafiti. Nikikataa atanitenga?*
*Mgonjwa wa kliniki*

Hana ruhusa ya kukutenga. Matibabu yako hayategemei jibu lako, na hata ukikubali leo unaweza kujitoa wiki ijayo bila kueleza sababu. Kanuni hiyo imetokana na machungu. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliangaliwa tu ugonjwa ukiendelea, wakidanganywa kwamba wanatibiwa, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa ni dawa. Omba mtu mwingine, asiye daktari wako, akueleze utafiti na kuchukua ridhaa. Ombi hilo ni la kawaida kabisa.

*Nasoma shahada ya uzamili. Nataka kutafiti wasichana wanaolazimishwa ngono katika bweni ninaloishi, kwa dodoso la mtandaoni nitakalolituma kwenye kundi letu la simu. Msimamizi wangu hataki. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi*

Mwanangu, msimamizi wako yuko sahihi na wewe pia una hoja. Tatizo lipo na linastahili kutafitiwa. Lakini kwenye kundi lile kila mtu anaona namba ya kila mtu, na huenda aliyefanya kosa, au rafiki yake, yumo humo anasoma. Wasichana wanatazamana simu. Na wewe unalala nao: msichana akishakuandikia jambo lile, kesho mtakutana bafuni, naye atakuchukia kwa kulijua hata kama jina hakuandika. Halafu akianza kutetemeka baada ya swali la sita, saa tano usiku, nani atampokea?

Geuza njia. Tafuta bweni au chuo usikofahamika. Kabla ya kuandika swali la kwanza, pata mshauri nasaha aliyekubali kwa maandishi kupokea watakaohitaji msaada. Au, na hili ndilo ningelifanya mimi kwa muda mfupi wa uzamili, chambua takwimu zilizokwisha kusanywa. Tafiti za Kidemografia na Afya zimefanyika katika nchi zaidi ya 90, na nyingi zina sehemu ya ukatili iliyokusanywa kwa faragha, mwanamke mmoja kwa kaya. Waliteseka kuyasema. Majibu yao yamekaa hapo yanasubiri mtu mwenye swali zuri.

*Watu wa chuo walinichukua damu na mkojo kwenye utafiti wa magonjwa ya zinaa kwa vijana. Walisema watarudi. Hawajarudi. Nimebaki najiuliza kama ninaumwa.*
*Aliyesahauliwa*

Mdogo wangu, usiwasubiri. Nenda kapime sasa. Klamidia na kisonono kwa wanawake mara nyingi hukaa kimya, bila maumivu wala uchafu, huku vikiharibu mirija ya uzazi taratibu. Vyote viwili vinatibika, na kaswende pia. Ukikutwa nacho, mwenzi wako naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana upya.

Kuwaacha washiriki hivi kunanikasirisha kuliko jambo lolote katika kazi hii. Mtu ametoa damu yake na siri zake, halafu matokeo anakuja kuyasoma profesa wa mbali. Utafiti unaopima magonjwa yanayotibika unapaswa kueleza tangu mwanzo kama utakupa jibu lako, lini na wapi, na ukikukuta na ugonjwa ukupeleke kwenye matibabu. Wakati mwingine sampuli hupimwa bila majina na jibu la mtu mmoja haliwezi kutafutwa, lakini hilo nalo huelezwa kabla ya sindano.

Tafuta nakala ya fomu ya ridhaa. Chini kabisa kuna namba mbili za simu: ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti. Iandikie kamati, kwa sababu yeye mtafiti umeshamsubiri vya kutosha. Taja namba yako ya ushiriki, tarehe na mahali walipokuchukulia sampuli, sampuli zipi, na waliahidi nini. Uliza majibu yako yako wapi, sampuli imehifadhiwa au imeharibiwa, na matokeo ya utafiti wote yatarudishwa lini kwa vijana walioshiriki. Habari za maisha yako ya ndani usiziandike hata kidogo, hazihitajiki. Kama nakala ya fomu huna, andika jina la chuo na mwezi waliokuja, kamati itautambua utafiti wenyewe.